Miezi Minane ya Vidole Visivyosoma

Nimestaafu Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Sherehe haikuwepo. Dada Saumu, bosi wangu, alininunulia soda, akasema, "Haya mstaafu, kunja mwavuli," nami nikakunja mwavuli, nikaupeleka dukani kwa Mzee Hemedi ambako huwa unalala, basi. Utumishi wa miezi minane ukaishia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya meza. Meza moja, mwavuli mmoja, viti viwili vya plastiki, jirani na soko la Tabora mjini. Tulikuwa tunasajili laini za simu na kuwarudishia watu namba zao walizopoteza. Jumatatu kiti changu atakikalia Zabroni. Kiumri amenizidi kwa miezi mitatu tu, ila kiutumishi bado ni kichanga. Namwandikia yeye, na yeyote atakayekuja baada yake. Nimetumia kurasa zilizobaki za daftari langu la Biolojia, kwa hiyo ukikutana na mchoro wa figo, uruke tu.

Mshahara sitauzungumzia. Kupandishwa cheo nilipandishwa mara moja: nilitoka kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya nikahamia kile kizima. Hayo yametosha.

Nilianza wiki mbili baada ya mtihani wa kidato cha nne. Siku ya kwanza sikusema neno mpaka saa sita mchana. Sikuwa nimekatazwa. Kwangu mimi kuongea na mtu nisiyemjua ni kama kuambiwa uimbe peke yako mbele ya kanisa: maneno unayo, sauti ndiyo inagoma. Nyumbani Cheyo mama alikuwa akinituma dukani, nikikuta muuzaji ana wateja wengine nasimama pembeni, nasubiri aniulize, haniulizi, narudi bila sukari. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwaita wapita njia, "Karibu mteja, sajili laini hapa!"

Dada Saumu ni mwenyeji wa mjini hapa, babu zake walikuwa mafundi cherehani, na mdomo wake ni mkasi. Aliniacha nikae kimya asubuhi nzima, kisha akaniuliza:

"Roza, mdogo wangu, unauza laini au unalinda kaburi?"

"Nauza, dada."

"Nani anajua?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanisogezea ile mashine ndogo nyeusi ya kusomea alama za vidole, akasema, "Basi tugawane mwili. Mimi nitakuwa mdomo, wewe kuwa vidole." Tukafanya hivyo miezi yote minane, isipokuwa siku moja, nayo nitaifikia.

Zabroni, hiyo mashine uiheshimu. Ni ndogo kama kiberiti, lakini ndiyo inayoamua kama mtu ni yeye au si yeye. Mteja anataja namba ya kitambulisho chake cha taifa, anaweka kidole kwenye kioo, na kama alama zinalingana na zile alizochukuliwa wakati wa kuandikishwa, taa ya kijani inawaka. Zisipolingana, inawaka nyekundu, na hapo ndipo utumishi unapoanza. Kioo chake ukifute kwa kitambaa cha pamba. Usitumie upindo wa shati. Nimeona jinsi unavyofuta miwani yako.

Shida kubwa niliyoikuta ni tumbaku. Kuanzia mwezi wa pili wakulima wanavuna, na jani la tumbaku lina utomvu unaoganda vidoleni mpaka vinakuwa vyeusi kama umepaka lami. Sabuni haifui kitu. Mtu anafika kutoka shamba, anaweka kidole, nyekundu. Anaweka kingine, nyekundu. Anaanza kuiangalia mashine kana kwamba imemtukana.

Dada Saumu alikuwa na dawa yake, aliyofundishwa na mteja. Chini ya meza kulikuwa na bakuli la nyanya mbichi, zile za kijani kabisa. Unaikata vipande viwili, unamsugulia mteja vidole, maji yanatoka ya kijani, kisha ya kahawia, halafu ngozi inaonekana. Unamsuuza, unamfuta, taa ya kijani. Wazee walikuwa wanacheka peke yao wakiona vidole vyao. Mmoja alivitazama akasema, "Kumbe bado vipo!" Msimu ule nilisugua vidole vingi mpaka vyangu vikawa vinanuka kachumbari, hata kwenye misa nilikuwa nakaa mwisho wa benchi. Wapo waliodhani nyanya zinauzwa. Mama mmoja aligoma kuondoka mpaka tumpimie fungu.

Hilo la kumshika mtu mkono lilinisaidia kuliko mafunzo yoyote. Ukiwa umeshika kidole cha mtu na unakisugua kwa nyanya, huna haja ya kutafuta maneno. Atayaanza yeye.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya ustadhi mmoja, mwalimu wa madrasa, mtu mpole, kanzu imenyooka. Alikuja analalamika kwamba siku hizi kila anayempigia simu anachelewa kusema. "Napokea, nasema salaam aleikum, naye anajikohoza kwanza. Wote. Mpaka mke wangu." Dada Saumu akaipiga ile namba kwa simu yake, akaiweka sikioni, nikaona macho yamemtoka. Akanipa. Ilikuwa ile huduma ya wimbo, ambao wewe mwenye simu huusikii, anausikia anayekupigia wakati anasubiri upokee. Ustadhi alikuwa amebonyeza kitu bila kujua, na kwa wiki tatu wazazi wa wanafunzi wake wote walikuwa wanapokelewa na binti anayeimba kwamba amechoka kulala peke yake.

Tulitazamana. Kumwambia vipi mtu mzima wa heshima? Dada Saumu, mdomo wote ule, ulimkauka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie wewe, wewe una adabu." Nami siwezi. Mwishowe nikaufuta wimbo kimyakimya kwenye simu yake, nikasema, "Shikamoo ustadhi, kulikuwa na kelele kwenye laini, nimeiondoa." Akasema, "Marahaba binti, Mungu akubariki. Kelele ya nini?" Nikasema, "Ya muziki." Akanitazama kitambo, akaelewa, akaangalia chini, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua kofia. "Wiki tatu!" alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

Baada ya hapo kila akipita alikuwa akisimama kutusalimu, na akatuletea wateja wengi wa madrasa. Jifunze hapo, Zabroni: kampuni inahesabu huduma ilizouza, ila aliyeuziwa bila kujua anakuja kwako wewe mwenye meza, hana pengine pa kwenda. Usimwambie "ulibonyeza mwenyewe." Ni kweli alibonyeza. Usimwambie.

Alikuwepo pia baba mmoja kutoka Puge aliyetaka tumpe laini nyingine kwa sababu ile aliyokuwa nayo "inapenda kichuguu." Kijijini kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kila mwenye jambo anapanda pale kupiga simu, wenzake wamekaa chini wanangoja zamu yao na wanasikiliza. "Posa ya binti yangu imejulikana kijiji kizima kabla mke wangu hajaambiwa," alisema. Hatukuwa na laini ya kumsaidia. Tulimwandikia malalamiko, tukayatuma, na jibu lilikuja upesi: asante kwa kuwa mteja wetu. Alinipigia baadaye kuniuliza kama kuna lingine. Nikajua alipokuwa amesimama kwa sababu nyuma yake kuna mtu alisema, "Fanya haraka, wengine tuna wagonjwa."

Sasa ile siku moja.

Ilikuwa mwezi wa tano, Alhamisi. Dada Saumu alikuwa amekwenda Nzega kwenye arusi ya binamu yake, akaniachia meza peke yangu kwa mara ya kwanza, mdomo na vidole vyote. Saa tatu asubuhi ikasimama mbele ya mwavuli pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye bodi ya kubebea mizigo nyuma, na ndani ya bodi, juu ya godoro lililokunjwa, amekaa bibi mmoja mwembamba, kitenge kipya, kitabu cha nyimbo za kanisa kwapani. Dereva alikuwa kijana wa kama miaka thelathini. Akamshusha kwa uangalifu kama anashusha mayai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka," akaniamkia na kwa Kinyamwezi. "Wewe ndiye wa vidole?"

"Ndiyo bibi."

"Mimi ndiye Nyamizi wa Ntalikwa. Simu yangu imeingia kisimani siku nne zilizopita. Wanaozungumza nayo sasa ni vyura. Nataka namba yangu."

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Kumrudishia mtu namba yake kwenye laini mpya, sisi tunaita kurenyu, nilikuwa nimezifanya mamia. Nikamuuliza kama angependa tu kuchukua namba mpya, ni rahisi zaidi. Yule kijana, jina lake Maganga, mpwa wake, alicheka.

"Dada, namba ya bibi iko kwenye milango."

Wakanieleza. Bibi Nyamizi alikuwa mkunga zamani. Siku hizi hazalishi, kituo cha afya kipo, lakini kipo mbali na njia ni ya mchanga. Kwa hiyo mwanamke wa Ntalikwa akiwa mjamzito, Bibi anakwenda kwake, anachukua mkaa, anaandika namba yake ya simu kwa ndani ya mlango, kubwa, tarakimu zote. Uchungu ukianza, usiku au mchana, mwanamke au yeyote aliye naye anaipiga. Bibi anambipu Maganga mara mbili, Maganga anawasha pikipiki, godoro liko ndani, wanakwenda kumchukua na kumpeleka kituoni. Akishajifungua salama, mlango unafutwa. Huo ndio utaratibu, na kwa maelezo ya Maganga haujawahi kumwacha mtu.

"Sasa hivi nina milango saba," alisema Bibi. "Na mmoja ni wa Mama Shija, yuko kule mwisho kabisa, karibu na msitu. Mumewe Masanja ameingia porini kurina asali, simu huko haishiki. Yule ni wiki hii. Jana nilikwenda kwa miguu, alikuwa mzima. Leo sijui."

"Namba yake unayo?" nikauliza.

"Ninazo zote? Wao ndio wananipigia. Mimi sipigi. Maganga naye anayo ya Masanja tu."

Nikamkalisha, nikachukua kitambulisho chake ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaingiza namba, nikashika kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa laini. Laini kabisa, kama kokoto ya mtoni. Taa nyekundu. Nikajaribu cha shahada. Nyekundu. Nikaleta nyanya, ingawa niliona wazi kwamba si utomvu. Nikampaka mafuta kidogo, nikapuliza, nikabonyeza. Nyekundu.

Hapa ndipo nilipokosea, Zabroni, na nakuomba usome polepole. Dada Saumu alikuwa amenifundisha siku ya pili: usizidishe mara tano. Ikifika tano, pumzika, mwoshe mtu kwa maji ya vuguvugu, subiri nusu saa, ndipo uanze tena. Nililijua hilo. Lakini Bibi alikuwa amekaa ananisimulia habari za kwaya yao, mkono wake uko ndani ya wangu, ananiamini, na mimi sikuweza kutoa sauti nikasema, "Bibi, vidole havisomi." Kwa aibu tu. Nikaendelea kubonyeza, cha kulia, cha kushoto, natabasamu, nabonyeza. Mara ya kumi mashine ikalia mlio ambao sikuwahi kuusikia, ikaandika kwamba ombi limefungwa, piga huduma kwa wateja.

Nilijua maana yake. Huduma kwa wateja wakikataa, karatasi zinatumwa Dar es Salaam, majibu wiki mbili. Na Mama Shija ni wiki hii.

Nikawaambia. Nilidhani Maganga atanitukana, ningeelewa. Bibi akasema, "Basi wapigie hao watu. Si wana simu?"

Nikapiga. Simu nikaiweka spika, juu ya meza. Tukasikiliza muziki, tukaambiwa simu yetu ni muhimu kwao, tukasikiliza muziki tena. Akapokea kaka mmoja anayeongea kama anasoma ubao. Nilieleza kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliniambia niongee kwa nguvu mara tatu. Akasema sawa, kwa usalama wa mteja, ataje namba tano alizopiga hivi karibuni.

"Hapigi," nilisema. "Anapigiwa."

"Ataje namba tano alizopiga."

"Mmoja tu, mpwa wake. Na huyo anambipu."

"Kubipu hakuhesabiki kama kupiga. Samahani, hatutaweza kukamilisha ombi lako. Je, kuna jambo lingine la kukusaidia?"

Nikasema hakuna, asante. Niliikata simu ndipo nikaona machozi yanataka kutoka. Asante ya nini? Jambo lingine lipi?

"Piga tena," alisema Bibi.

"Bibi, atatuambia yaleyale."

"Mwanamke akisukuma mara moja mtoto hatoki. Piga tena."

Muziki. Simu yetu ni muhimu kwao. Maganga akanunua karanga, tukala. Kisha sauti ya dada: "Asante kwa kupiga huduma kwa wateja, naitwa Mwanaidi, simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, nikusaidie nini?" Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nakwambia kweli, hewa tu. Bibi Nyamizi akaisogeza simu kwake kwa kidole kimoja.

"Mwanaidi, hujambo?"

"Sijambo bibi, shikamoo. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Mwanaidi wa wapi wewe?"

"Bibi, hapa ni huduma kwa wateja."

"Hapo ni ofisini. Nimeuliza kwenu."

"Kisarawe, bibi."

Bibi aliinuka kwenye kiti. "Mzaramo!"

Mimi na Maganga tukatazamana. Sauti ya Mwanaidi ilipokuja tena haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa imeshuka chini, kama mtu anayeinamia meza ili bosi asimwone.

"Kwani bibi we ni kabila gani?"

"Mnyamwezi! Wa Ntalikwa! Na vidole vyangu vimekataa kusoma kwenye mashine yenu."

"Haa! Vitasomaje? Mmebeba mizigo ya watu toka enzi za mababu zenu mpaka alama zimefutika!"

Nilishika kichwa. Unajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kila mtu anajua, toka wakati wapagazi wetu wanatembea na meno ya tembo mpaka pwani. Lakini simu inarekodiwa! Bibi alikuwa anapiga makofi kwa furaha.

"Mizigo hubebwa begani, we Mzaramo, haibebwi kwa vidole! Hata kubeba hujui!"

"Basi weka bega kwenye mashine, bibi, huenda likasoma!"

"Babu yangu alitembea miezi mitatu, anafika kwenu anawakuta mmelala, ngoma imewachosha! Hata maji ya kunywa mlimpa?"

"Tulimpa, akaoga! Bibi, simu hii inarekodiwa."

"Irekodiwe! Wakubwa zako wajue!"

Watu wa soko walikuwa wamekwisha kusanyika. Muuza dagaa alikuwa ameegemea mwavuli wangu anacheka hadi unayumba. Kisha Mwanaidi akasema, taratibu, "Haya mtani, niambie shida," na Bibi akamwambia yote: kisima, milango saba, mkaa, Mama Shija.

Nikasikia anabonyeza kompyuta yake. Akauliza majina kamili, jina la mama yake Bibi, alikozaliwa. Bibi akajibu. Halafu akasema, "Huyo mwenzangu alikuuliza namba ulizopiga?"

"Tano," nikasema mimi. Sauti ilitoka. Labda kwa sababu ya kucheka.

"Fomu inaendelea kwa chini. Kama mteja hapigi, ataje tatu zilizompigia. Hakushuka mpaka chini, huyo. Bibi, nani amekupigia kabla simu haijazama?"

"Mke wa Kasimu, Jumamosi asubuhi, mtoto alikuwa amegeuka. Mke wa Juma fundi, siku hiyohiyo jioni. Jumapili tukitoka ibadani, yule binti wa mwalimu mkuu, yeye anapiga hata akikohoa."

"Namba zao?"

Bibi akanyoosha mkono, na Maganga, ambaye anawabeba wake na waume zao wote, akatoa simu yake na kuzisoma moja baada ya nyingine. Kwa kila moja Mwanaidi alisema, "Naona." Ya tatu alisema, "Naona, mara sita." Akatuambia tusubiri. Muziki ulipiga kidogo, akarudi.

"Zima simu, weka laini mpya, washa. Na we mtani, siku nyingine ukienda kisimani, simu mwachie mtu mwenye akili. Mwite Mzaramo."

Ile laini mpya niliiweka kwenye simu ndogo ya vibonyezo ambayo Maganga alikuwa amemnunulia Bibi badala ya ile ya kisimani. Ikawaka. Mnara mmoja, miwili, minne. Halafu ikaanza kuleta ujumbe, mmoja juu ya mwingine, watu waliompigia wakamkosa, meza nzima inavuma. Macho ya Bibi hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea namba, na aliposikia moja iliyojirudia mara nne asubuhi ileile akasema, "Bipu hiyo."

Nilibipu. Haikufika hata sekunde tano ikapiga. Sauti ya mtoto wa kike: "Bibi? Ni Shija. Mama anasema umechelewa."

Sijawahi kuona bibi wa umri ule akipanda bodi ya pikipiki bila kushikwa. Maganga alikuwa amewasha kabla sijakata simu. Kitabu cha nyimbo kilisahaulika mezani kwangu, na kitambulisho ndani yake. Nilikaa nacho siku nzima, sikuhudumia mtu hata mmoja vizuri. Nilimsajili mzee mmoja kwa jina la kijiji chake.

Kesho yake asubuhi Dada Saumu amerudi, namsimulia, haamini, simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Bibi.

"Mtoto wa kiume. Kilo tatu na nusu. Alizaliwa tumefika tu, kitandani, mbele ya nesi. Mama yake anaendelea vizuri. Jina la ubatizo litatoka kwa mchungaji, lakini la nyumbani nimeshampa mimi."

"Nani, bibi?"

"Mzaramo."

Dada Saumu alikaa chini, kwenye kile kiti cha waya.

"Sasa mwambie mtani wangu," alisema Bibi. "Usisahau." Akakata.

Mwambie! Huduma kwa wateja huwezi kuchagua mtu, unampata aliye wazi. Dada Saumu akanyoosha mkono apige yeye. Nikamwambia, "Hapana, dada, nipe mimi." Nilipiga mara ya kwanza, nikasikiliza muziki, akapokea kaka, nikamwambia wazi, kwa sauti, kwamba nina ujumbe wa Mwanaidi kutoka Tabora. Akasema hana utaratibu huo. Nilipiga mara ya pili, dada mwingine, akanihamishia kwa idara ya bando, idara ya bando wakanikatia. Mara ya tatu aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngoja kwanza," na nikasikia anapaza sauti huko ndani: "Mwanaidi! Njoo, Wanyamwezi wako!"

"Ni nani?"

"Ni Roza wa Tabora, wa vidole. Mama Shija amejifungua. Mtoto wa kiume, na Bibi amempa jina. Anaitwa Mzaramo."

Kisha nikasikia kicheko, na nyuma yake vicheko vya watu wengi, maana naye alikuwa ameniweka spika.

"Ana kilo ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Mzaramo gani huyo mwembamba? Mpeni uji! Na mwambieni bibi nimekubali jina, ila mtoto wangu asibebeshwe mzigo wa mtu."

"Nitamwambia."

Akajikohoza, na ile sauti ya ofisini ikarudi, imenyooka kama rula: "Je, kuna jambo lingine la kukusaidia?"

Nilimwambia lipo. Nilitaka kujua mtandao utafika lini kwa yule baba wa Puge, ashuke kichuguu. Tukaongea dakika ishirini.